Nani Anaihesabu Linux?

Flashi moja yenye Fedora, toleo mojawapo la Linux, inaweza kuzunguka ofisi nzima, ikaacha mfumo kwenye kompyuta ishirini, kisha ikarudi kwa mwenyewe bila mtu kuandika lolote. Linux hainunuliwi, na kuinakili ni halali kabisa. Sasa anayetaka kujua ni wangapi wanatumia Debian na wangapi Fedora aanzie wapi?

Wengi hukimbilia DistroWatch, tovuti iliyoanza mwaka 2001. Orodha yake husomwa kama msimamo wa ligi, ilhali inachohesabu ni mara ngapi ukurasa wa toleo fulani umefunguliwa, anwani moja ya IP mara moja kwa siku. Ukiona jina geni kileleni utabofya ujue ni kitu gani, na hapo umeshaliongezea. Kwangu mimi hicho ni kipimo cha udadisi. Fundi aliyeweka Debian kwenye seva miaka mitatu iliyopita, na ikamtumikia bila usumbufu, hana la kutafuta huko.

Debian wenyewe wana programu ya hiari, popularity-contest, inayotuma kila wiki orodha ya vifurushi vilivyomo. Hutazama pia faili za kila kifurushi zilisomwa lini mara ya mwisho, ili kutenganisha kinachotumika na kilicholala. Ila ukiuagiza mfumo usiandike saa hizo, hata programu unayoifungua kila asubuhi itaonekana imelala.

Fedora walikuwa wakihesabu anwani za IP zinazoomba masasisho. Mashine hamsini nyuma ya ruta moja zilionekana moja. Laptopu inayobebwa kutoka nyumbani hadi chuoni ilionekana mbili. Tangu Fedora 32, mwaka 2020, kila kompyuta huambatanisha tarakimu moja, kati ya 1 na 4, kwenye ombi mojawapo la wiki. Namba 1 ni mfumo ulio katika wiki yake ya kwanza. 4 ni uliopita wiki 24. Hakuna jina wala kitambulisho cha kudumu, na bado unajua waliojaribu ni wangapi na waliobaki ni wangapi. Mashine iliyowashwa asubuhi kwa majaribio na kufutwa jioni haivuki 1.

Zile ishirini za flashi, kama hazina intaneti, hata huku hazimo.