Ukubwa wa Chembe na Maji Yaliyofichika Mchangani

Katika sehemu kame za Afrika Mashariki, mto ukaukapo wakati wa kiangazi, watu huchimba mchanga wa kitako chake na kupata maji. Hata hivyo, si kila kitako cha mto hutoa maji. Penye mchanga wa chembe kubwa ndoo hujaa upesi; penye mfinyanzi, shimo hulowa tu. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni ukubwa wa chembe.

Mashapo ni vipande vya miamba au mabaki ya viumbe vilivyochukuliwa na maji, upepo au barafu, kisha vikatuama. Mwaka 1898 mwanajiolojia wa Marekani, Johan Udden, alipendekeza kipimo ambacho kila daraja lake ni maradufu ya lililo chini yake. Chester Wentworth alikirekebisha mwaka 1922. Kwa kipimo hicho, kwa kipenyo cha chembe:

Majabali: zaidi ya milimita 256
Mawe: milimita 64 hadi 256
Kokoto na changarawe: milimita 2 hadi 64
Mchanga: milimita 1/16 hadi 2
Tope laini: milimita 1/256 hadi 1/16
Mfinyanzi: chini ya milimita 1/256

Mbona maradufu? Kwa sababu tofauti ya milimita moja si kitu baina ya majabali mawili, lakini ni kubwa mno baina ya chembe mbili za mchanga. Wataalamu wa udongo wa kilimo, kwa upande wao, huanza kuhesabu mfinyanzi chini ya milimita 0.002, kwa hiyo yafaa kutaja daima kipimo kilichotumika.

Mchanga hupimwa kwa chekeche zilizopangwa moja juu ya nyingine. Chembe ndogo zaidi hupimwa kwa mwendo wa kuzama. George Stokes alionyesha mwaka 1851 kwamba mwendo wa chembe ndogo ya mviringo huongezeka kwa mraba wa kipenyo chake. Katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, chembe ya milimita 0.1 huzama sentimita 10 kwa sekunde 11 hivi. Ile ya milimita 0.002 huhitaji karibu saa 8. Mwanafunzi aweza kulishuhudia jambo hili kwa kutikisa udongo na maji katika chupa na kuiacha itulie: mchanga hutangulia chini, na maji ya juu hubaki machafu kwa muda mrefu.

Mfinyanzi waweza kuwa na nafasi wazi nyingi kuliko mchanga, lakini ni finyu mno, nao huyashika maji yasitiririke. Kanuni hii hutumika katika kuta zinazojengwa kukatiza mito ya msimu, kama zile za Machakos na Kitui nchini Kenya. Mafuriko yafikapo ukutani, mchanga hutuama, na tope hupita juu pamoja na maji. Ukuta ukiinuliwa mrefu kwa mara moja, maji hutulia nyuma yake, tope hupata muda wa kuzama, na ghala la maji huharibika. Ndiyo maana mahali pengi ukuta huinuliwa kwa awamu, msimu hata msimu.

Kabla ya kuchanganya saruji, basi, yafaa kuyapima mashapo ya mto wenyewe. Chekeche na chupa ya maji huweza kuonyesha mapema kama ukuta utahifadhi maji au utahifadhi tope.