Mlima Elgon: Maradhi Mawili, Dawa Mbili

Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Elgon ulikatika juu ya kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, mashariki ya Uganda. Tope na mawe vilifunika nyumba, maduka na zahanati ambamo watu walikuwa wamejikinga mvua. Mamia walikufa au hawakuonekana tena. Askari waliopelekwa kuokoa walichimba kwa majembe na sururu, maana mashine kubwa hazikuweza kufika. Tarehe 11 Oktoba 2018, mto Suume ulishusha tope na majabali huko Bukalasi, katika wilaya hiyo hiyo, na watu zaidi ya 40 wakafa. Novemba 2024 msiba uliifikia wilaya ya Bulambuli.

Baada ya kila msiba husikika shauri la kuchimba mitaro na kujenga matuta. Shauri hilo ni jema, lakini halitoshi. Mlima una maradhi mawili, na dawa ya moja yaweza kulizidisha la pili.

Maradhi ya kwanza ni mmomonyoko. Mvua huupiga udongo ulio uchi, na maji huchukua rutuba ya juu kidogo kidogo mpaka shamba libaki changarawe. Dawa yake ni matuta yanayokata mteremko, mabingobingo kwenye kingo, matandazo, na kahawa iliyopandwa pamoja na migomba na miti ya kivuli.

Maradhi ya pili ni maporomoko. Hayo huanzia chini. Maji huzama, huujaza udongo wa mfinyanzi, nao huwa mzito na kuteleza. Mtaro unaotuamisha maji kwenye mteremko mkali huyakaribisha yazame zaidi. Anayekata ukingo ili apate kiwanja cha nyumba huundoa mguu unaoushikilia mlima, na anayefyeka miti huondoa mizizi inayoufunga udongo. Basi mahali pa namna hiyo hapana budi kupandwa miti yenye mizizi mirefu, na maji yaongozwe taratibu hadi bondeni.

Kila familia ya mlimani yapasa kuzijua dalili za hatari: nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zinazoinama, milango inayoanza kukwama, chemchemi mahali palipokuwa pakavu, na mto unaopungua ghafla wakati mvua ingali ikinyesha. Zikionekana, watu waondoke saa ile ile, bila kungoja kupambazuke.

Serikali ilihamishia baadhi ya familia Kiryandongo baada ya mwaka 2010, na nyingine Bunambutye, wilayani Bulambuli, tangu mwaka 2019. Wapo waliorudi. Huko juu ndiko iliko kahawa yao na makaburi ya wazee wao, na hakuna wa kuwalaumu kwa kuvipenda. Lakini kahawa yaweza kupaliliwa mchana na makaburi kuzuriwa mchana. Mvua zinapozidi, watoto wasilale chini ya mteremko.