SITI BINTI SAAD: MFINYANZI ALIYEKUWA MWIMBAJI MKUU



Watu wa pwani ya Ziwa Nyasa wanavijua vyungu vya Wakisi. Kina mama wa kule kaskazini ya ziwa huvifinyanga, na mitumbwi huvipeleka kuuzwa vijiji vya mbali. Ni kazi ngumu. Udongo uchimbwe, ukandwe, ufinyangwe, uchomwe. Halafu mnunuzi atafutwe.

Leo tunaeleza habari za mama mmoja aliyeanzia kwenye kazi hiyohiyo, huko Unguja. Hakuwa na mali, wala hakupelekwa shule. Lakini sauti yake ilimfikisha mpaka India, na jina lake lipo hadi leo. Mama huyo ni Siti binti Saad.

Mtoto aliyeitwa Mtumwa

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha kusini ya mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na mama yake Mzigua wa Tanga. Wakati huo utumwa ulikuwa bado una nguvu ya sheria Unguja. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1897. Basi mtoto huyo wa watu wa chini aliitwa Mtumwa. Jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, kwa kazi yake mwenyewe.

Mtumwa alijifunza kufinyanga kwa mama yake. Alibeba vyungu kichwani, akatembea navyo njiani akinadi kwa kuimba. Watu walimsikia kabla hawajamwona. Kumbe alikuwa anaifundisha sauti yake bila kujua.

Karibu na mwaka 1911 alihamia mjini. Huko mwanamuziki mmoja, Ali Muhammad, aliisikia sauti yake akakubali kumfundisha. Hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo maneno yote aliyaweka kichwani.

Taarabu kwa Kiswahili

Taarabu ni muziki wa kuimba mashairi pamoja na ala kama vile udi, fidla na ngoma. Ililetwa Unguja katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Iliimbwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji wake walikuwa wakubwa wa nchi. Mchukuzi wa bandarini au mama wa shamba hakuwa na nafasi pale.

Siti na wenzake waliimba taarabu kwa Kiswahili. Wenzake walikuwa kina Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban. Walikutana, wakazungumza habari za mjini, wakatunga nyimbo juu ya hizo habari. Nani kaonewa? Nani kala fedha za watu?

Wimbo wake mmoja unaojulikana sana ni Kijiti. Unaeleza habari za mwanamke aliyeuawa. Mwuaji alikimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Mnyonge hakuwa na gazeti la kulalamikia hukumu kama hiyo. Alikuwa na wimbo wa Siti.

Safari ya Bombay

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimpeleka Siti na kundi lake Bombay, India. Siku hizi mji huo unaitwa Mumbai. Huko sauti zao zilitiwa katika sahani.

Vijana wengi hawajaiona sahani ya santuri, kwa hiyo tueleze. Ilikuwa bapa na nyeusi, yenye mfereji mwembamba unaozunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati. Sauti ilikatwa ndani ya mfereji huo. Mtu alizungusha mkono wa gramafoni, sahani ikazunguka, sindano ikapita mferejini, na sauti ikatoka. Upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo mrefu ulibidi ukatwe.

Sahani za Siti ziliuzwa kwa makumi ya maelfu. Aliyekosa gramafoni alikwenda mkahawani, akasikiliza pamoja na wenzake. Hivyo Kiswahili chake kilifika mbali kuliko miguu yake.

Matusi na jibu

Siyo wote waliofurahi. Wenye wivu walimtungia wimbo wa kumsimanga. Waliuliza amekuwa mtu lini, na kama si sauti yake angekula nini. Siti hakukimbia, wala hakuficha alikotoka. Alijibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na nasaba si kitu, bali hasara ya mtu ni kukosa akili. Waliomtukana, majina yao leo hatuyajui.

Kwa nini tunamjua

Siti alifariki mwezi wa Julai mwaka 1950. Lakini kabla ya hapo Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa wa Kiswahili, alimwendea akamwuliza habari zake, akaziandika. Kitabu chake kinaitwa Wasifu wa Siti binti Saad. Wasifu ni habari za maisha ya mtu. Kitabu hicho kilisomwa na wanafunzi wengi wa Tanzania.

Tuangalie jambo hili vizuri. Siti hakujua kuandika. Kama isingekuwa sahani, na kalamu ya mtu mwingine, habari zake nyingi zingezikwa pamoja naye.

Sisi je?

Wilaya zetu za Mbinga na Nyasa zina nyimbo nyingi. Kuna za mganda na za kihoda. Kuna nyimbo za kina mama wakilima ngoro milimani Umatengo, na za wavuvi wakivuta nyavu. Ndani yake mna habari za njaa, vita, ndoa na wakubwa wabaya. Waliozitunga hawakuwa na sahani. Wengi wamekwisha kufa, na wazee wanaozikumbuka wanapungua kila mwaka.

Lakini sisi tuliohitimu kisomo tuna kitu ambacho Siti hakuwa nacho. Tuna kalamu. Basi tuchukue daftari, twende kwa bibi au babu anayejua nyimbo za zamani. Tuandike maneno kama anavyoyasema, kwa lugha yake, iwe Kimatengo au Kinyasa. Chini yake tuandike mambo manne: nani alitunga, mwaka gani, uliimbwa wapi, na kwa sababu gani. Kisha tumsomee asahihishe.

Tusingoje mwandishi mkubwa atoke mjini. Mzee akifariki kesho, wimbo usipoandikwa leo, hatuna pa kuuliza tena.