Baba, Wewe Unajua Kuogelea?

NIKUULIZE wewe kijana uliyeoa juzi juzi, unayepiga hesabu za sofa na televisheni ya ukutani: hivi Mungu akikujaalia mtoto, utamtembeza wapi? Usinijibu sasa. Subiri vuli.

Sisi wa Mji Mkongwe vuli ndiyo wakati wetu. Oktoba ikiingia kusi limekatika, kaskazi halijaja, bahari imelala shwari. Mvua inapiga saa moja, halafu jua linatoka kama halikuwahi kuondoka. Embe nazo zinaanza kuteremka Darajani, na kwa baba mwenye watoto watatu hakuna starehe ya bei poa kama embe.

Nyumbani kwangu tuna ada. Kila vuli, Jumapili tukizipata, tunatoka wote. Na siku ya kwanza, kabla hatujafunga mlango, mama watoto anawasimamisha mmoja mmoja kwenye mwimo na kutia alama ya kalamu juu ya kichwa. Mwenye nyumba alishanuna, akazoea. Binti yangu mkubwa ana miaka 10, na mwaka huu alama yake ilinifika kifuani. Picha yake ya kwanza ya matembezi tulimpiga 2016 mbele ya Beit al-Ajaib, amebebwa. Picha tunayo bado. Jengo lile la Sultani Barghash la mwaka 1883 lilikuja kuporomoka upande, Krismasi ya 2020. Ndiyo hivyo, mtoto anapanda, nyumba ya sultani inashuka.

Safari ya kwanza tulikwenda Jozani, kwa gari ya Makunduchi, tumebanana kama dagaa. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na kima punju wale wenye migongo myekundu ni wa huku kwetu Zanzibar, duniani kwengine hawana asili. Watalii wanavuka bahari kuja kuwaona. Mwanangu wa miaka 6 hakuwatazama hata kidogo, alikuwa anahangaika na jino. Lilitoka njiani wakati wa kurudi, kwenye muhindi wa kuchoma, damu mpaka kwenye shati la abiria wa mbele. Yule mzee Mungu amlipe, alicheka tu. Jino likafungwa kwenye karatasi, na jioni mama yangu akasimamia lirushwe juu ya bati kama ilivyo kawaida ya nyumbani kwetu. Likarudi mara mbili. Mara ya tatu likakaa.

Hadi hapo mambo yalikuwa bomba. Shughuli ilikuwa safari ya pili, Changuu.

Changuu si mbali, boti inachukua kama nusu saa. Kuna gereza la mwaka 1893 ambalo halikuwahi kufunga wafungwa, likageuzwa karantini. Na kuna wale kobe wakubwa, ukoo ulioanzia kwa kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wazee wao wameandikwa umri mgongoni kwa rangi. Kitinda mimba wangu alimkuta mmoja aliyepita miaka 100, akamwamkia shikamoo. Lakini hayo ya baadaye. Mimi nakwambia ya kwenye boti.

Tumefika katikati ya maji, wimbi dogo likaipiga boti ubavuni. Wala halikuwa la kutisha. Binti akanishika mkono.

"Baba, wewe unajua kuogelea?"

Bwana we! Nahodha kageuka, mama watoto katazama pembeni. Mimi mzaliwa wa Malindi, hatua chache kutoka bandarini. Nikajifanya sikusikia. Akauliza tena, kwa sauti ya kutosha boti nzima.

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo kiasi gani? Tukipinduka utatushika sote watatu?"

Msomaji, niliyatazama yale majaketi ya kujiokolea nikaanza kuyahesabu.

Ukweli ni kwamba sijui. Marehemu bibi yangu alikuwa na kipimo chake: nikirudi nyumbani ananipitisha kidole mguuni, anakionja. Kikiwa na chumvi, bakora. Hakuwa mkatili, aliogopa bahari inayokula watoto. Basi nikakua najua kuikwepa tu. Na niulizie vijana wenzangu wa mjini, tupo wengi, tunavaa fulana za boti na tunaongea kama manahodha, lakini maji yakitufika kiunoni tunakumbuka tuna miadi kwengine.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10, imejaza kupita kiasi, inakwenda Pemba. Jirani yetu alikuwamo. Tulimtafuta Maisara, kwenye mistari ya maiti waliofunikwa, kumbe mwenyewe yuko hai, aliokolewa ameshikilia godoro. Haujapita mwaka, Julai 2012, ikaenda MV Skagit. Nilisema wakati ule nitajifunza. Nikaoa, nikapata watoto, nikasahau.

Binti hakusahau. Jioni moja ya bamvua tulikuwa Forodhani, na ukiwa wa pwani unajua, bamvua hapa mjini maji hujaa alasiri saa kumi. Vijana wa kiume wanakimbia, wanachupa kutoka ukutani, watu wanapiga makofi. Binti yangu ameshika kijiti cha mshikaki, hali.

"Mbona wasichana kazi yao kushika nguo?"

Nikampigia shemeji yangu wa Nungwi, mvuvi. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Kwao, akasema, mbona mambo hayo yalishaanza, tangu 2011 kuna mradi wa Panje, wasichana wanafundishwa na wanawake wenzao, wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima, na atakayesema aibu aseme. Nilipomweleza mama watoto, akasita.

"Mtoto wa kike anakuwa mkubwa. Watu watasema."

Mama yangu alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa.

"Siku ile ya Maisara, watu walisema nini?"

Mjadala ukaishia hapo. Mimi nilikuwa na takwimu zangu mfukoni, za Shirika la Afya Duniani: mwaka 2021 peke yake maji yaliua watu wapatao 300,000 duniani, karibu robo yao watoto wasiofikisha miaka 5. Sikuzihitaji.

Basi Jumapili nne shemeji amekuja mjini na dumu tupu la mafuta ya kupikia. Tunakwenda pwani ya Shangani asubuhi, kabla watu hawajajaa. Binti anavaa suruali na gauni refu, mtandio umefungwa nyuma kama kilemba. Anakumbatia dumu, analala, anapiga miguu. Jumapili ya kwanza alikunywa maji, akalia, nikasema turudi. Mjomba wake akanitazama jicho baya, nikanyamaza. Jumapili ya tatu aliliachia dumu. Sekunde tatu, labda nne, kisha akasimama, ametoa macho kama aliyeona jini, halafu akacheka kwa kelele mpaka wavuvi wakageuka. Mama yake alikuwa mchangani na taulo, kanga imemlowa mpaka magotini. Hakujua kama ameingia majini.

Jumapili ya nne binti akanikabidhi dumu.

"Zamu yako, Baba."

Nikatafuta kisingizio, sikukiona. Nikaingia na fulana yangu ya boti. Nikalala juu ya maji, shemeji ananishika mgongo, masikio yamezama, mawingu ya vuli juu, moyo unapiga ngoma. Mkono wa shemeji ukatoka, sijui saa ngapi. Kwa mbali nikawa nasikia sauti ya binti anahesabu. Alifika kumi na saba.

"Hujui," akaniambia nilipomaliza kutema chumvi. "Lakini utajua. Wiki ijayo bila dumu."