Picha Ikipunguza Mwendo, Nani Ashike Mdundo?

Mahindi yakishaingia ghalani na maharage yakishapurwa, Ufipa, mkoani Rukwa, huingia msimu wa harusi. Baridi ya Juni na Julai inauma, lakini kumbi za Sumbawanga hujaa watu waliovaa sare za kitambaa kimoja, na mpiga video hapumziki. Siku hizi kila familia inataka kipande cha mwendo wa polepole, yaani slomo, kama wanavyosema mafundi wa studio. Bibi harusi anageuka na shela linaelea. Maua yaliyorushwa yanachelewa kuanguka. Picha huwa nzuri kweli. Kinachoiharibu mara nyingi ni wimbo uliowekwa chini yake: ule uliovuma mwaka huo, umebandikwa mwanzo hadi mwisho, hata pale mama mzazi anapofuta machozi.

Shida inaanzia ndani ya kamera yenyewe. Video ya kawaida hunasa fremu 25 au 30 kila sekunde. Ili mwendo upungue bila picha kukatakata, kamera hunasa fremu nyingi zaidi, 60, 120 au hata 240, kisha fremu hizo huonyeshwa kwa kasi ya kawaida. Fremu 120 zilizonaswa kwa sekunde moja, zikionyeshwa 30 kila sekunde, hujaza sekunde nne. Macho hufurahia, ila sauti haivumilii. Ikivutwa mara mbili hushuka oktava nzima; ikivutwa mara nne hushuka oktava mbili, na vigelegele vya shangazi hugeuka mngurumo wa ng'ombe aliye zizini. Ndiyo maana mhariri huitupa sauti hiyo na kubaki na picha bubu. Tangu hapo mtazamaji hana kitu kingine cha kumwonyesha muda unavyokwenda isipokuwa muziki.

Ufundi wenyewe si wa jana. Mwaka 1904 padri na mwanafizikia wa Austria, August Musger, alipata hataza ya mtambo uliotumia vioo vinavyozunguka ili kunasa na kuonyesha picha za mwendo wa polepole. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilibaki mikononi mwa wenye mitambo ya gharama. Kisha ikaingia mfukoni: iPhone 5s ya mwaka 2013 ilikuja na uwezo wa kunasa fremu 120 kwa sekunde, na simu za bei nafuu zikafuata. Leo kijana wa mji mdogo kama Laela au Matai anaweza kurekodi kile ambacho zamani kilihitaji kampuni ya filamu.

Wengi hudhani picha ya polepole lazima ipewe wimbo wa polepole. Sinema zinatoa jibu pana zaidi. Raging Bull ya mwaka 1980 inafunguka na bondia anayerukaruka peke yake ulingoni, polepole, huku okestra ikipiga kipande kitulivu cha Mtaliano Pietro Mascagni. Hapo utulivu umekutana na utulivu. Mwaka uliofuata Chariots of Fire ikaonyesha wanariadha wakikimbia ufukweni. Muziki wake, wa Mgiriki Vangelis, una tabaka mbili: chini kuna mdundo wa kasi usiokatika, juu kinanda kinachokwenda kwa raha zake. Miguu iliyopunguzwa mwendo inafuata kinanda, na ule mdundo wa chini unamkumbusha mtazamaji kwamba watu hawa kwa kweli wanakimbia. Mwaka 1992 Reservoir Dogs ikawapitisha wanaume waliovaa suti nyeusi wakitembea polepole, nyuma yao ukipigwa wimbo mchangamfu wa bendi ya Uholanzi, George Baker Selection. Hakuna aliyesinzia.

Kinachosaidia kuchagua ni hesabu, na hesabu yenyewe inafaa kujulikana na kila anayehariri video Sumbawanga. Tuseme maharusi wanaingia ukumbini na wapambe wao, hatua zikifuata wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika. Picha ikipunguzwa mara mbili, hatua zinakuwa 50 kwa dakika. Sasa uweke chini yake wimbo uleule walioingia nao, kwa kasi yake ya asili: kila hatua itaangukia pigo moja na kuruka moja. Ikipunguzwa mara nne, hatua itaangukia kila pigo la nne, yaani mara moja katika kila kipimo cha wimbo wa mapigo manne. Mguu na ngoma vinabaki ndugu.

Kwa hiyo wimbo unaofaa mara nyingi ulikuwemo ukumbini tangu mwanzo. Matarumbeta yaliyowasindikiza maharusi, kwaya iliyoimba kanisani, ngoma ya Kifipa iliyowainua wazee kwenye viti: hiyo ndiyo midundo ambayo miili ile iliifuata. Ikirudishwa kwa kasi yake halisi chini ya picha iliyopunguzwa mara mbili au mara nne kamili, inakaa. Lakini fremu 120 zikiwekwa kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, mwendo unapungua mara 4.8, na hatua zinaanza kuteleza nje ya mdundo. Mtazamaji hatajua kwa nini. Atahisi tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Anayetaka video ya fremu 25 arekodi kwa 50 au 100, kama kamera yake inaruhusu.

Hata mahali pa kukata picha huamuliwa na hesabu hiyohiyo. Kwenye video ya fremu 25, wimbo wa mapigo 60 kwa dakika hutoa pigo kila baada ya fremu 25, wa mapigo 75 kila baada ya fremu 20, wa mapigo 100 kila baada ya fremu 15. Nyimbo za namna hiyo hurahisisha kazi, kwa sababu picha inaweza kubadilishwa palepale pigo linapoanguka. Singeli, inayovuka mapigo 200 kwa dakika, ina mahali pake pia. Goli lililofungwa Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, linaweza kuibeba vizuri, mpira ukielekea wavuni taratibu na watu wakiwa wameshaanza kuruka. Wazazi wanaoagana na binti yao hawaihitaji.

Mambo hubadilika pale ambapo kinachotembea si mwili wa mtu. Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, huanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200. Kitu kinachodondoka kutoka kimo hicho huchukua zaidi ya sekunde sita hata kama hewa isingekizuia. Ndiyo maana ukisimama mbali, maji yale huonekana kama yanashuka kwa hiari yake. Kuipunguza picha hiyo mara nne ni kuirefusha safari ya maji hadi zaidi ya sekunde 25, na wimbo wenye ngoma nzito kila nusu sekunde utayapigia kelele bila sababu, kwa kuwa hakuna hata kitu kimoja kwenye picha kinachopiga hivyo. Hapo zinafaa ala zenye sauti ndefu: filimbi, zeze, sauti za kwaya zinazoshika noti moja bila maneno. Au muziki uachwe kabisa, ibaki ngurumo ya maporomoko iliyorekodiwa kwa kasi ya kawaida. Slomo yenyewe afadhali itumike karibu, kwenye matone yanayoruka ukingoni, si kwenye mandhari ya mbali.

Kazi za shambani zina utajiri ambao waandaaji wengi bado hawajaugusa. Watu wanne wanapopura maharage kwa fimbo, hawapigi pamoja. Wanapokezana, na mapigo yao yanajenga mdundo ulionyooka. Kwenye slomo fimbo moja huchukua muda mrefu kushuka, maganda yanapasuka, vumbi linainuka na kusimama juani. Mhariri akiweka chini yake sauti halisi ya fimbo zile, kwa kasi yake, mtazamaji anaona pigo moja huku akisikia kazi nzima. Anayerekodi akumbuke tu kwamba nyanda za Ufipa zina upepo mwingi, na upepo ukipuliza kipaza sauti hakuna programu itakayousafisha wote. Kifuniko cha sponji au cha manyoya ni lazima, na dakika moja ya sauti tupu irekodiwe kabla watu hawajatawanyika.

Maneno ya wimbo nayo yanadai uangalifu. Kwenye slomo hakuna mazungumzo, kwa hiyo masikio yote yako kwenye mashairi. Wimbo wa mapenzi wenye sauti tamu unaweza kuwa, ukiusikiliza hadi ubeti wa pili, malalamiko ya mtu aliyeachwa. Kwenye nadhiri za masista au kumbukumbu ya marehemu, kosa la namna hiyo linaumiza. Wimbo usikilizwe wote kabla ya kupachikwa, na pakiwa na shaka, ala tupu ndizo salama.

Kisha kuna suala la haki. Nchini Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa wimbo, na pia inamlinda mwenye rekodi, kwa hiyo anayetaka kuweka wimbo kwenye video huhitaji ridhaa ya pande zote mbili. Kuupakua kwenye simu hakumpi mtu ruhusa hiyo. YouTube imekuwa na mfumo wa Content ID tangu mwaka 2007, nao huutambua wimbo hata ukiwa chini ya picha za harusi: video huweza kufungwa, kunyamazishwa, au mapato ya matangazo yakaenda kwa mwenye wimbo. Hata leseni za Creative Commons, zinazoruhusu matumizi bila malipo, zina masharti. Iliyoandikwa NC hairuhusu kazi ya biashara, na video ya harusi iliyolipiwa ni biashara. Iliyoandikwa ND hairuhusu wimbo kupachikwa kwenye picha kabisa. Iliyoandikwa BY peke yake inafaa, mradi jina la mtunzi litajwe.

Sumbawanga ina kwaya za parokia zinazofanya mazoezi wiki nzima, ina wapiga matarumbeta, ina wazee wanaojua ngoma. Studio inaweza kukubaliana na kwaya moja irekodi nyimbo chache, pamoja na mahadhi yasiyo na maneno, kwa kasi mbili au tatu tofauti. Kama nyimbo ni za mtunzi mwingine, naye aombwe. Makubaliano yaandikwe, yataje video za aina gani zitatumia nyimbo hizo na malipo ni kiasi gani, na yasainiwe kabla video ya kwanza haijapandishwa mtandaoni.