Kuvumwani Katika Tangi la Samaki: Kuotesha na Kupunguza

Kuvumwani ni mmea mdogo wa kijani ambao wengi wetu huuona kwenye kuta zenye unyevu, tukaupita bila kuutazama mara ya pili. Baadhi ya aina zake huweza kuishi zikiwa zimezama majini kabisa. Inayojulikana zaidi kwa wafugaji wa samaki wa mapambo ni kuvumwani ya Java, *Taxiphyllum barbieri*, ambayo asili yake ni Kusini-Mashariki mwa Asia.

Nilipokuwa nikiishi pembezoni mwa Temeke, niliiotesha katika tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha 30. Kwa miezi mingi sikuikata, maana unene wake ulinifurahisha. Usiku mmoja wa Januari umeme ulikatika, na pampu ya hewa ikasimama. Kulipopambazuka, samaki wote walikuwa wamekufa.

Huenda msomaji akauliza: mmea hutoa oksijeni, iweje uwaponze samaki? Ni kweli kwamba mchana mmea hutoa oksijeni kwa njia ya usanisinuru. Lakini usiku kazi hiyo husimama, nao huendelea kupumua kama samaki wenyewe. Tena, tabaka la chini la zulia nene hukosa mwanga, hufa, na bakteria wanaoliozesha hutumia oksijeni nyingi. Joto nalo huongeza hatari: lita moja ya maji ya nyuzi 20 za Selsiasi huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni, lakini kwa nyuzi 30 hushika takriban 7.5 tu. Tangi langu la lita 54 lilikuwa na akiba isiyozidi miligramu 405 hivi.

Kuotesha

Kuvumwani haina mizizi ya kweli. Ina vijinywele vya kujishikiza tu. Majani yake hufyonza maji na chumvichumvi moja kwa moja. Kwa sifa hiyohiyo, kuvumwani za mitini katika milima ya Uluguru hunasa mvua na ukungu, kama alivyoonyesha Tamás Pócs katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980. Na huko ndiko uanziako mto Ruvu, unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam.

Basi udongo hauhitajiki. Tandaza tabaka jembamba juu ya jiwe na ulifunge kwa uzi wa pamba. Maji ya bomba yaache wazi kwa siku moja ili klorini ipungue. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai. Weka tangi penye mwanga, lakini si kwenye jua kali, kwani jua hustawisha mwani unaoisonga kuvumwani.

Kupunguza

Zulia likifikia unene wa sentimita 3 hivi, toa jiwe, liweke ndani ya beseni, kisha kata nusu kwa mkasi. Kila tawi hukua kutokana na seli moja iliyo nchani. Ncha ikiondolewa, machipukizi ya pembeni huamka, na mmea huzidi kuwa na matawi.

Kila kipande kilichokatwa chaweza kuwa mmea kamili. Kwa hiyo maji ya beseni yasimwagwe kamwe katika mto Msimbazi au Kizinga. Gugumaji, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, lilionekana katika mto Pangani katika miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limeingia Ziwa Viktoria; hasara yake twaijua. Chuja vipande, uvianike hadi vikauke kabisa, kisha uvichome.

Jaribio

Wanafunzi wachukue vipande 10 vya sentimita 2 kila kimoja. Vitano vikatwe ncha, vitano viachwe vilivyo, na kila kundi liwekwe katika chupa yake penye mwanga sawa. Kila wiki, kwa wiki nane, wahesabu matawi mapya na kuchora grafu. Mwalimu asiwaambie matokeo mapema.