Kujifunza Utamaduni wa Wengine Bila Kuvuka Mipaka: Mji wa Babati kama Darasa la Mwanachuo

1.0 Utangulizi

Wengi huamini kwamba mwanachuo atakaye kuzijua tamaduni za wengine hana budi kwenda ng'ambo. Imani hii ina kasoro mbili. Kwanza, nafasi za masomo ya nje ni chache na gharama zake ni kubwa, hivyo elimu hiyo hubaki kuwa ya wachache. Pili, inachukulia kwamba utamaduni mgeni huanzia kwenye mpaka wa nchi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa mwanachuo wa Tanzania dhana hiyo haina mashiko. Mfano tutakaoutumia ni mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa ulioundwa mwaka 2002 kutokana na Mkoa wa Arusha.

Kabla ya kuendelea, yafaa tufafanue istilahi. Kwa kujifunza baina ya tamaduni tunamaanisha kukutana na watu wenye desturi tofauti na zetu, kuifahamu mantiki ya desturi hizo, na kisha kuzitazama upya desturi zetu wenyewe. Kusafiri peke yake hakutoshi kuyatimiza haya.

2.0 Kwa Nini Babati?

Katika uainishaji wake wa mwaka 1963, Joseph Greenberg alizigawa lugha za Afrika katika familia kuu nne. Eneo linaloizunguka Babati ni miongoni mwa sehemu chache sana barani ambamo wazungumzaji wa lugha alizoziweka katika familia zote nne huishi jirani. Wagorowa, ambao mji huu umo katika ardhi yao, na Wairaqw husema lugha za Kikushi. Wadatooga, walioenea hasa upande wa Mlima Hanang, husema lugha ya Kiniloti, kama walivyo Wamaasai. Wambugwe walio kaskazini na Warangi walio kusini husema lugha za Kibantu. Magharibi, katika bonde la Yaeda, wamo Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko. Greenberg aliiweka lugha hiyo pamoja na Kisandawe katika familia ya Kikhoisani, ingawa siku hizi wanaisimu wengi huiona kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana.

Ujirani huu umeacha alama katika sarufi. Katika lugha nyingi za Kibantu kitenzi kisaidizi hutangulia kitenzi kikuu, kama tusemavyo katika Kiswahili "alikuwa akilima". Kirangi na Kimbugwe hugeuza mpangilio huo katika baadhi ya njeo, hususan za wakati ujao. Baadhi ya wataalamu wameihusisha hali hii na mawasiliano ya muda mrefu na majirani Wakushi.

Wageni wameitambua thamani ya eneo hili. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Södertörn cha Sweden wamefika Babati kwa utafiti wa uwandani na kuandika tasnifu zao juu ya maisha ya huko. Mwanachuo wa Dodoma, aliyeunganishwa na Babati kwa barabara ya lami ya kilomita 251 iliyozinduliwa mwaka 2018, aghalabu huupita mji huo akiwa safarini kwenda Arusha.

3.0 Majina kama Somo la Kwanza

Somo la awali hupatikana katika majina. Watanzania wengi huwaita Wadatooga "Wamang'ati", jina lenye asili ya Kimaasai lenye maana ya maadui. Wairaqw huitwa "Wambulu" kwa jina la mahali, na Wahadzabe wameitwa "Watindiga" na majirani zao. Msemaji hana nia mbaya, ila hajui kwamba anarithi mtazamo wa mtu mwingine juu ya mtu wa tatu. Jambo hili si dogo: katika ukumbi wa mihadhara huenda amekaa kijana wa Kidatooga anayesikia watu wake wakiitwa maadui, naye akanyamaza.

4.0 Nafasi ya Kiswahili na Mipaka Yake

Kiswahili humwezesha mwanachuo kuzungumza na mwenyeji tangu siku ya kwanza, neema ambayo mwanafunzi aendaye ng'ambo mara nyingi huikosa. Hata hivyo, wepesi huo waweza kumdanganya. Miongoni mwa Wadatooga, kwa desturi, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayofanana nalo kwa sauti, bali hutumia msamiati mbadala. Mwanachuo akimwuliza kwa Kiswahili jina la mkwewe, akajibiwa kwa kimya, atadhani amedharauliwa, kumbe ameonyeshwa heshima inavyotunzwa. Lugha ya pamoja haileti kanuni za pamoja za mazungumzo.

5.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kuwakutanisha vijana wa makabila mbalimbali si jambo jipya nchini. Jeshi la Kujenga Taifa limefanya hivyo tangu mwaka 1963. Lengo lake kuu, hata hivyo, ni umoja, wala si uchunguzi wa tofauti. Tunapendekeza hatua nne. Kwanza, mazoezi ya kufundisha, ambayo tayari huwapeleka wanachuo mikoani, yaambatanishwe na kazi ndogo ya uwandani. Pili, mwanachuo ajifunze salamu na kanuni za heshima za wenyeji kabla ya kuuliza swali lolote. Tatu, aandike kila siku jambo moja lililomshangaza, kisha aeleze ni desturi ipi ya kwao iliyomfanya ashangae. Nne, matokeo yarudishwe kwa wenyeji kwa Kiswahili, wayasome na kuyasahihisha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti achukuaye bila kurudisha hamponyi mtu.

6.0 Hitimisho

Hatukusudii kubeza masomo ya ng'ambo. Tunachodai ni kwamba elimu hii isingoje ufadhili. Baadhi ya lugha tulizozitaja zina wasemaji wachache, na vijana wake wengi hukulia katika Kiswahili. Kila mwaka unaopita bila wanachuo kwenda kuwasikiliza wazee wa maeneo hayo hupunguza yale yatakayoweza kufundishwa baadaye. Idara za Kiswahili na za isimu zina wajibu wa kuanza sasa.